Bati linalonaswa na sumaku

Ofisa aliyefungua katoni zetu siku ile hakuja na mashine. Alikuja na wembe wa kukatia selotepu, kalamu mbili mfukoni, na sumaku nyeusi ya duara iliyong'olewa kwenye spika ya redio. Alichana katoni ya kwanza, akatoa kikopo kimoja, vile vya bapa vya kuwekea mafuta ya mgando, akakiweka juu ya meza ya ukaguzi. Akaishusha sumaku taratibu. Haijafika, kikopo kikaruka chenyewe kuifuata. Ta!

"Dada, hapa umeandika vitu vya bati."

"Ndiyo, mzee."

"Bati halinaswi na sumaku."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye kazi ya uwakala wa forodha. Leseni ilikuwa ya bosi, jina la kampuni kwenye kadhia, ile fomu ya kutangaza mzigo forodhani, lilikuwa la bosi, lakini aliyekaa mbele ya kompyuta na kuichagua namba ya ushuru ya mzigo alikuwa mimi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mtoto wa fundi bati. Nimekulia kwenye moshi wa lehemu na harufu ya asidi. Kama kuna kitu duniani nilichodhani sihitaji kufundishwa na mtu yeyote, ni bati.

Mzee akachana katoni ya pili. Humo vikopo vilikuwa vikubwa kidogo, vya mfuniko wa kuzungusha, rangi ileile ya fedha. Akashusha sumaku. Kimya. Akaigusisha kabisa, akaiburuta juu ya mfuniko, haikushika. Nikashusha pumzi nikijua hivi angalau vimeniokoa. Akanitupia kimoja mkononi. Kilikuwa chepesi kama ganda la karanga.

"Hiyo ni alumini," akasema. "Bati ni zito, limekaribiana na chuma. Sasa niambie, kwenye mzigo wako wote, bati liko wapi?"

Halikuwepo. Ankara ya muuzaji, kwa Kiingereza chake, ilikuwa imeandika "tin" kwenye kila mstari, na mimi nikalifuata neno lile kama kondoo. Nilifungua kitabu cha ushuru, kile kinachopanga kila bidhaa kwa sura na namba, nikateremka hadi Sura ya 80, nikakuta kichwa cha habari kinasema bati na vitu vilivyotengenezwa kwa bati, nikateremka tena hadi 8007, vitu vingine vya bati, nikaibandika namba. Dakika mbili kazi imekwisha. Vikopo vya kwanza vilitakiwa kwenda Sura ya 73, kwenye 7310, pamoja na makopo na mapipa ya chuma. Vya pili vilitakiwa kwenda 7612, makopo ya alumini. Mteja, mama mmoja anayetengeneza mafuta ya mwili na kuyauza mikoani, alikuwa amekwishaahidi mzigo wake kwa watu. Alisubiri siku tisa zaidi wakati tunarekebisha kadhia, na gharama ya kuhifadhi mzigo kwa siku hizo ilinigusa na mimi kwenye mshahara. Sikulalamika. Kosa lilikuwa langu.

Tangu siku ile natembea na sumaku kwenye mkoba. Ni miaka kumi na moja sasa. Nimewahi kuulizwa kwenye upekuzi wa uwanja wa ndege ni ya nini, nikaeleza, yule kijana akaniangalia kama mgonjwa.

Tatizo linaanzia kwenye lugha yetu wenyewe, na silisemi hili kwa ubaya. Kiswahili kimelipa neno bati kazi nyingi mno. Bati ni metali yenyewe, ile nyeupe laini. Bati ni kile kilichoezekwa kwenye paa. Bati ni karatasi la kukatia debe na faneli. Na fundi wa vyote hivyo ni fundi bati. Mtaani hakuna anayepotea: ukienda dukani ukasema nataka bati geji 30, migongo mipana, hakuna atakayekuletea ingoti, donge la metali ghafi, kutoka Malaysia. Forodhani ndiko maneno yanakotuangusha, kwa sababu pale kila moja ya hayo mabati lina nyumba yake, na nyumba hazina hata ua mmoja.

Chukua bati la paa. Lile la kawaida ni chuma kilichopakwa zinki, halina bati hata chembe. Likiwa na migongo linaingia 7210.41, likiwa sahani tupu, 7210.49. Likipakwa mchanganyiko wa alumini na zinki linahamia 7210.61. Likipigwa rangi, kama yale ya kijani na ya damu ya mzee tunayoyaona kila kijiji siku hizi, ni 7210.70. Jirani yangu ameezeka msauzi mwekundu na hutamka "bati langu" kwa fahari kubwa. Sijawahi kumwambia kitu.

Kisha kuna bati la kopo. Hili ndilo hasa linalowaumiza wengi, maana hapa bati lipo kweli. Ni karatasi nyembamba ya chuma iliyopakwa bati pande zote mbili ili isishike kutu na isiharibu chakula. Sasa fanya hesabu. Karatasi ya unene wa milimita 0.2, mita moja ya mraba, ina uzito wa gramu kama 1,570. Bati lililopakwa juu yake, kwa kipimo kimojawapo cha kawaida viwandani, ni gramu 2.8 kila upande. Jumla gramu 5.6. Haifiki hata sehemu nne katika elfu moja. Tunaliita kwa jina la ngozi yake, lakini nyama yote ni chuma. Forodha wanaangalia nyama, kwa hiyo karatasi hilo lipo Sura ya 72: likiwa na upana wa milimita 600 au zaidi ni 7210.11 au 7210.12, kutegemea kama unene unafika nusu milimita. Likiwa limekatwa vipande vya upana chini ya milimita 600 linahama na kuwa 7212.10. Nimeona mteja mmoja amenunua karatasi kutoka kwenye roli moja, nusu imekatwa kule kiwandani kwa sababu mashine yake hapa haichukui upana wote, na mzigo ukawa na namba mbili. Hakuamini. Alidhani namtengenezea kazi ili nimtoze zaidi.

Karatasi lile likishakunjwa, likafungwa mshono na kuwa kopo tupu, ni 7310. Likijazwa nyanya, kopo linakufa jina. Kanuni ya tano kati ya zile kanuni sita za kuainisha inasema chombo cha kawaida cha kufungashia kinafuata kilichomo ndani. Kopo la sadini linahesabiwa samaki, kopo la biskuti linahesabiwa biskuti. Vyombo vinavyotengenezwa ili vitumike tena na tena, kama mitungi ya gesi, havina bahati hiyo.

Na Sura ya 80 yenyewe? Ni fupi kuliko orodha ya vyakula ya mgahawa wa pembezoni. 8001 ni bati ghafi, yaani ingoti na mfano wake. 8002 ni chakavu. 8003 ni fimbo, miche na waya. 8007 ni kila kitu kingine. Zamani kulikuwa na 8004, 8005 na 8006, kwa ajili ya sahani, karatasi laini, unga na mabomba ya bati, lakini biashara yake duniani ilipungua mpaka toleo la 2007 likazifuta na kuvirundika vyote ndani ya 8007. Ndiyo maana namba zinaruka. Wanafunzi wangu wa mafunzo kazini hudhani ukurasa umechanika. Na wakipanda juu kidogo hukuta Sura ya 77 haina kitu kabisa, imeachwa tupu makusudi katikati ya alumini na risasi, kiwanja kinachosubiri kujengwa. Mfumo huu wote wa sura na namba ulitungwa Brussels, mkataba ukatiwa saini mwaka 1983, ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1988, na tarakimu sita za mwanzo ni zilezile ukiwa Dar es Salaam, Busan au Rotterdam. Tarakimu mbili za mwisho ndizo zetu wenyewe, za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Pale 8001 kuna mtego mwingine mdogo. Bati linaitwa halijachanganywa endapo lina angalau asilimia 99 ya bati kwa uzito, na hata hapo bismuthi isifike 0.1 wala shaba isifike 0.4. Lisipotimiza hayo, ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, linakwenda 8001.20. Hakuna sumaku itakayokuambia hilo. Ukiona mteja anaagiza ingoti, mdai cheti cha maabara kabla meli haijaondoka, maana baada ya hapo muuzaji huwa hapokei simu haraka.

Lehemu ndiyo inayonifurahisha kuliko vyote, na ndiko anakoingia baba.

Baba alikuwa akitengeneza koroboi, faneli, mabirika ya kumwagilia bustani na makarai ya watoto, kwa makopo yaliyokwishatumika. Asubuhi anatia chuma cha kuchomea ndani ya mkaa, anasubiri kipate moto, anakisugua, anakigusisha kwenye mche wa lehemu, na lehemu inatiririka kwenye mshono kama maziwa. Mche mpya alikuwa haununui kwa macho. Aliukunja polepole karibu na sikio, na wakati mwingine karibu na sikio langu. Bati likikunjwa linalia. Ni sauti ndogo kavu, kama mtu anayekanyaga makaa yaliyozimika. "Ukisikia linalia, bati ni nyingi," alikuwa akisema. "Likinyamaza, wamejaza risasi." Kisha anausugua mche kwenye karatasi ya gazeti. Ukichora mstari mweusi kama penseli, anaurudisha dukani.

Nilipokuja kukutana na noti ya 5 ya Sehemu ya Kumi na Tano ya kitabu cha ushuru nilicheka peke yangu ofisini. Noti inasema aloi ya metali mbili au zaidi ihesabiwe kuwa ya ile metali iliyozidi kwa uzito. Yaani lehemu yenye bati 60 na risasi 40 ni bati, Sura ya 80. Lehemu yenye bati 40 na risasi 60, iliyo kwenye mche unaofanana kabisa na ule, ni risasi, Sura ya 78. Baba alikuwa anaainisha kwa sikio. Hakujua kama Brussels ipo.

Halafu nenda Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, angalia rafu moja tu. Pale kuna waya wa lehemu usio na kitu ndani: 8003, kama bati limezidi. Pembeni yake kuna roli inayofanana nao, ila katikati ya waya kuna tundu jembamba lililojazwa dawa ya kulainisha, ile inayotoa moshi ukichomea simu. Hiyo inatoka Sura ya 80 na kuingia 8311, na waya za kuchomelea zenye dawa. Chini yake kuna vikopo vya lehemu laini kama dawa ya meno, ya kuchomea vidude vidogo vya simu. Hiyo ni 3810, sura ya kemikali. Na kule mwisho kuna miche ya bei nafuu ya mafundi wa rejeta, risasi tele: 78. Muuza duka anaviita vyote lehemu, na ana haki. Ila ankara ikija imeandikwa "lehemu, kilo 400" bila neno jingine, mimi siwasilishi kitu. Namwandikia muuzaji wa kule aniambie asilimia za bati na risasi, na kama waya una dawa ndani. Akichelewa kujibu, nachukua sampuli, nakata waya kwa wembe, nauangalia kwa tochi. Tundu linaonekana.

Kwa nini tujisumbue hivi? Kwa sababu ya fedha.

Viwango vya pamoja vya ushuru wa forodha vya Jumuiya vilianza mwaka 2005 vikiwa na ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, 25 kwa zilizokamilika. Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne, asilimia 35, na baadhi ya bidhaa za chuma zikawekwa humo. Juu ya hayo kila mwaka, ifikapo tarehe 1 Julai, Gazeti la Jumuiya linatoka na orodha ya nchi zilizoomba kwenda kinyume na kiwango cha pamoja kwa mwaka mmoja, ama kupunguza ama kupandisha. Chuma na mabati ya paa hayakosi kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana katika makala hii siwaandikii kiwango cha kila namba. Anayekupa kiwango kichwani bila kufungua gazeti la mwaka huu anakukumbusha ya mwaka jana.

Ila hesabu yenyewe naweza kuionyesha. Tuseme mzigo wako, pamoja na nauli ya meli na bima, una thamani ya shilingi 20,000,000. Umeweka namba yenye asilimia 10: ushuru ni 2,000,000. VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya mzigo pamoja na ushuru wake, yaani juu ya 22,000,000, inakuwa 3,960,000. Jumla 5,960,000. Sasa ikaonekana namba sahihi ni ya asilimia 25: ushuru 5,000,000, VAT juu ya 25,000,000 ni 4,500,000, jumla 9,500,000. Tofauti ni shilingi 3,540,000, na bado sijagusa tozo ndogondogo za reli na za uchakataji. Aliyesajiliwa VAT atajirudishia sehemu yake kwenye ritani. Ushuru haurudi.

Na wanaweza kuja baadaye. Hili wafanyabiashara wengi hawalijui, wanadhani mzigo ukitoka getini umetoka. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu ushuru uliopungua kudaiwa ndani ya miaka 5, na kama kulikuwa na udanganyifu, hata hiyo miaka 5 si kinga. Juu yake kuna riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kwa mfano wetu, zile milioni 3 za ushuru peke yake zinazaa 60,000 kila mwezi. Miaka miwili, 1,440,000. Mtu anakuja kudaiwa fedha ya bidhaa alizokwishauza, kwa bei aliyoipanga kwa ushuru wa zamani. Na tamko la uongo, kifungu cha 203, linaweza kukupeleka jela hadi miaka 3 au faini hadi dola 10,000. Kwa hiyo wale wanaoniambia "dada weka tu ile ya chini, wakiona wataona" huwa nawaomba watafute wakala mwingine, kwa upole.

Lakini mzani una pande mbili. Ofisa naye hukosea. Nimewahi kugombania waya wa bati usio na dawa uliopelekwa 8311 kwa kuwa tu roli yake ilikuwa na picha ya mtu anayechomea. Ukipewa uamuzi usiokubaliana nao, una siku 30 za kuomba upitiwe upya na kamishna, kwa maandishi, na sababu zako. Naye ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza mpaka zimepita, sheria inahesabu kwamba amekubali ombi lako. Akikataa, kuna baraza la rufaa za kodi. Wateja wangu wengi hukata tamaa kabla ya hatua ya kwanza kwa sababu mzigo unalala bandarini na gharama inakimbia, na siwezi kuwalaumu. Njia nzuri zaidi ni kuomba uamuzi wa awali kabla hata hujaagiza: unapeleka sampuli, maelezo ya kiwandani, picha, unaandikiwa namba. Ni kazi ya karatasi mbili tatu. Ningeijua mwaka ule, yule mama angepata vikopo vyake mapema.

Kuna kisa kimoja cha zamani ambacho huwasimulia vijana wanaoingia kazini wakidharau alama za uandishi. Mwaka 1864 Marekani walipitisha sheria ya ushuru iliyotaja mabamba ya bati, mkato, na chuma kilichopakwa metali kwa umeme au kwa njia nyingine, senti mbili na nusu kwa ratili. Ukiisoma kama ilivyoandikwa, mabamba yote ya bati yanalipa senti mbili na nusu. Waziri wa Fedha wa wakati huo, William Pitt Fessenden, akaamua kwamba mkato ule umekaa pasipo pake. Ulitakiwa uje baada ya neno chuma. Ukiuhamisha, ile sehemu ya kupakwa inashika bati na chuma vyote viwili, na mabamba ya kawaida ya kopo yanachomoka humo na kuangukia kiwango cha chini, asilimia 25 ya thamani. Mkato mmoja. Wenye viwanda wa Marekani walinung'unika kwa robo karne, na wakati huo wote makopo yao yalikuwa yakitengenezwa kwa mabamba kutoka Wales, kwenye miji kama Llanelli, uliobandikwa jina la utani Tinopolis. Ilipofika 1890 ikapitishwa sheria iliyopandisha ushuru kutoka senti moja hadi senti 2.2 kwa ratili, ikaanza kutumika kwa bati Julai 1891. Vinu vya Wales vikapoteza soko lake kubwa, na baadhi ya mafundi wake wakapanda meli kwenda kufanya kazi kwenye vinu vipya vya Marekani.

Mchezo haujaisha. Juni 2025 Marekani walipandisha ushuru wa chuma kutoka nje hadi asilimia 50, na bamba la kopo likabebwa humo humo, kwa sababu ileile ya gramu 5.6.

Kwa upande wetu bati nyingi hupita bila kushuka. Nimeandaa nyaraka za kasiteriti kutoka Kivu, mawe meusi mazito yaliyosagwa, kwenye magunia makubwa, yakienda kuyeyushwa Asia. Namba yake ni 2609, madini ghafi ya bati, na kwa kuwa ni mzigo wa kupita hatutozi ushuru, tunachukua dhamana tu mpaka uondoke. Kagera nako, wilayani Kyerwa, wachimbaji wadogo wanaichimba hiyohiyo. Ukilishika jiwe lake unashangaa uzito, mkono unashuka. Lakini bati lenyewe, likishatolewa kwenye jiwe, linayeyuka kwa nyuzijoto 232 tu, joto ambalo hata baba alilipata kwa mkaa na feni ya mkono.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia. Ameacha kazi, macho hayamruhusu, lakini koroboi moja ameiacha juu ya kabati, ya kopo la maziwa ya unga, mshono wake bado unang'aa. Nikamsimulia habari za sura na namba, maana alikuwa ananiuliza hasa ninachofanya mjini. Akaishusha ile koroboi, akaipangusa kwa shati.

"Sasa hii, mwanangu, utaiweka wapi? Kopo ni la chuma, umesema. Lehemu ni bati, nimeichagua mwenyewe. Utambi ni pamba."

"Sura ya 94, baba."

"Kuna nini huko?"

"Taa. Na viti, na vitanda, na magodoro."

Akaigeuza mkononi, akaichungulia chini, kule alikokuwa akigonga alama yake kwa msumari.

"Na magodoro," akasema. Akairudisha juu ya kabati, akaenda kuwasha redio.